Nyumba isiyo na fungu la matunzo isipokelewe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wako wa barua rai ya msomaji mmoja kwamba Zanzibar, na Tanzania kwa jumla, iundiwe shirika la hisani la kulinda urithi wa taifa, wa maumbile na wa utamaduni, kwa mfano wa lile la Uingereza liitwalo National Trust. Mwenye rai ametaja wanachama wake zaidi ya milioni 5, makasri yake, bustani zake na watalii wanaopanga foleni kuingia. Naiunga mkono rai yake kwa moyo wote. Ninachoomba nafasi ya kukisema ni kwamba amelisifu paa na kuuacha msingi, na kwamba tukijenga kwa kufuata alichokisifu tutakuwa na shirika lenye nembo nzuri, ofisi, gari moja, na orodha ndefu ya nyumba zinazovuja.

Mimi ni mzaliwa wa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, na kwa miaka kadhaa nimeishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee. Mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa mwanachama wa shirika hilo, na kwa kuwa alitembea kwa kiti cha magurudumu alipewa kadi inayomruhusu msaidizi wake kuingia bure. Ndivyo nilivyoingia katika nyumba za mabwana wa Kiingereza, nikiwa nyuma ya kiti, na ndivyo nilivyoanza kuuliza maswali ambayo mzee wangu aliyafurahia kuliko maua.

Nyumba tuliyoizoea ilikuwa Blickling, jumba la matofali mekundu la karne ya 17. Juu yake mna ukumbi mrefu uliogeuzwa maktaba, wenye vitabu zaidi ya 12,000. Siku moja ya baridi tulimkuta mama mmoja wa makamo amesimama mbele ya rafu, ana brashi ya manyoya laini mkononi na mashine ndogo ya kufyonza vumbi pembeni, mdomo wa mashine umefungwa wavu ili kipande cha karatasi kikidondoka kisimezwe. Alikitoa kitabu kimoja kwa kukishika kiunoni, si kwa kukivuta kichwa kama tufanyavyo wengi wetu, akakibana ili kurasa zisifunguke, akalipiga brashi vumbi la juu kutoka mgongoni kwenda nje, akakirudisha, akachukua kinachofuata. Mapazia yalikuwa nusu yamefungwa, na ukutani kulikuwa na kidude cha kupimia mwanga, kwa sababu mwanga hula kitambaa na karatasi polepole kama mchwa anavyokula boriti. Nilimuuliza analipwa shilingi ngapi. Akacheka, akasema halipwi kitu; anakuja kila wiki, na rafu aliyoianza mwaka uliopita bado hajaimaliza. Watu wa namna yake, wanaojitolea, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu katika shirika hilo.

Nikirudi nyumbani likizo na kusimulia habari hii, wasikilizaji hutikisa kichwa na kusema, "Wenzetu wana moyo." Huo moyo upo, sikatai. Lakini Mkunazini nako kuna mioyo. Nimewaona vijana wa mtaa wakibeba mawe bila ujira kuokoa ukuta wa jirani usiku wa mvua za masika. Tofauti iko mahali pengine, na ili kuieleza sina budi nirudi nyuma kidogo.

Shirika hilo lilianzishwa Januari 1895 na watu watatu. Octavia Hill alikuwa mwanamke aliyetumia maisha yake kuwatafutia masikini wa London nyumba za kuishi na uwanja wa kuvuta hewa. Hardwicke Rawnsley alikuwa kasisi wa Lake District, nchi ya milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza. Wa tatu, Robert Hunter, alikuwa mwanasheria, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyelitia shirika uti wa mgongo. Alikuwa amepigania kwa miaka mingi mahakamani ardhi za malisho ya pamoja zisizungushiwe ua na wenye mabavu, akagundua udhaifu mmoja: chama chake kiliweza kushitaki, lakini hakikuwa na uwezo wa kisheria wa kumiliki ardhi. Ukishinda kesi leo, kesho mwenye ardhi anabadilika, na unaanza upya. Alitaka chombo kitakachomiliki chenyewe, kwa niaba ya wote, bila ya kuwa serikali na bila ya kuwa mfanyabiashara. Kipande cha kwanza walichopewa kilikuwa mteremko wa kilima cha Dinas Oleu juu ya bahari, huko Barmouth nchini Wales, usiofika hekta mbili. Jengo la kwanza, nyumba kongwe ya kasisi katika kijiji cha Alfriston, walilinunua mwaka 1896 kwa pauni 10. Hakukuwa na kasri hata moja.

Mwaka 1907 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya shirika hilo, na ndani yake kikawekwa kifungu ambacho mwenye rai hakukigusa. Baraza la shirika likishatangaza kwamba mali fulani haiondosheki, basi mali hiyo haiuzwi wala haiwekwi rehani, si na baraza lenyewe, si na mkurugenzi atakayekuja miaka 100 baadaye akiwa na madeni. Hata serikali ikiitaka kwa nguvu ili ipitishe barabara, shirika lina haki ya kulipeleka suala mbele ya Bunge lisikilizwe huko.

Msomaji wa pwani, Ndugu Mhariri, hahitaji kutafsiriwa jambo hili. Ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar na kumuuliza Mtume afanye nalo nini, aliambiwa alizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Likawa haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Babu zetu waliijua kanuni hii karne nyingi kabla ya Bwana Hunter kuzaliwa, na sehemu kubwa ya Mji Mkongwe, misikiti, nyumba, visima, makaburi na mashamba ya kuitunza misikiti hiyo, ilisimama juu yake. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba mali ya umma isiyouzika ni fikra ya kigeni isiyoweza kuota mizizi hapa. Ilikuwa imeota, na Unguja mpaka leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, maana nimeona kwa macho yangu wakfu ukianguka.

Bibi yangu mzaa mama aliacha nyumba ya ghorofa mbili iwe wakfu, kodi yake ilipie mafuta ya taa ya msikiti na posho ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Chini ilikuwa na fremu mbili za duka. Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, kama nyingine zote za mtaa. Kwa miaka mingi kodi ya fremu ililipia mafuta na mwalimu, na msimamizi aliridhika, na sisi jamaa tuliridhika. Hakuna aliyeandika popote kwamba kodi hiyo itengewe pia paa. Bomba la choo cha juu likapasuka ndani ya ukuta. Maji yakateremka kimyakimya mpaka kwenye ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani, ambapo jicho halifiki. Alipoitwa fundi alipiga plasta ya saruji, kwa kuwa saruji ipo kila duka na chokaa inataka kuchomwa, kuzimwa kwa maji na kuachwa ikomae kwa wiki nyingi. Ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiuvika saruji, unyevu unakosa njia, unarudi ndani, na chumvi inauchokonoa ukuta kutoka kiunoni. Ulionekana mpya kwa misimu miwili. Kisha dari ya chumba cha nyuma ikashuka yote, mchana, na kwa rehema ya Mungu wapangaji walikuwa nje. Kodi ya fremu mbili wakati ule isingetosha hata kukodi jukwaa la kupandia mafundi.

Nyumba ile haikuuzwa. Haikurithiwa. Haikutolewa zawadi. Kanuni ya wakfu ilitimizwa barabara mpaka siku ilipogeuka kifusi.

Nilimsimulia mzee wangu habari hii siku moja tukiwa tumekaa chini ya miti ya Blickling. Akaniuliza swali la mwalimu wa hesabu: "Bibi yako alitenga kiasi gani kwa paa?" Nilikasirika kidogo. Nilipopoa nilitambua kwamba hilo ndilo swali ambalo shirika lake linamuuliza kila mtu anayekuja na zawadi.

Kwa maana lipo jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko la kwanza: shirika hilo hukataa. Mtu akitaka kulizawadia jumba la kihistoria, hata liwe zuri namna gani, hawalipokei kwa shangwe. Wanalikagua, wanapiga hesabu ya matengenezo ya miongo ijayo, paa, mabomba, mishahara, bima, wanakadiria mapato yatakayopatikana, na upungufu unaobaki wanautaka ujazwe na fungu la fedha au ardhi yenye kuzalisha, linaloandamana na zawadi. Kuna kanuni maalumu ya hesabu hiyo, inayoitwa kwa jina la Lord Chorley, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa shirika. Fungu lisipopatikana, mara nyingi jibu ni asante, hatuwezi. Wameliweza neno hilo kwa sababu wanajua kwamba kupokea nyumba bila ya fungu ni kuiibia nyumba iliyopokelewa kabla yake.

Blickling yenyewe ni mfano. Mwenye jumba, Lord Lothian, alikuwa miongoni mwa waliohimiza sheria ya mwaka 1937 iliyoliwezesha shirika kupokea majumba pamoja na ardhi na mali za kuyatunza. Kodi za mirathi zilikuwa zikiziangusha familia za kitajiri moja baada ya nyingine, na yeye aliona jumba likibaki peke yake litakufa. Alipofariki mwaka 1940, akiwa balozi wa Uingereza nchini Marekani, aliliachia shirika jumba hilo pamoja na ekari zaidi ya 4,000 za mashamba, misitu na nyumba za wapangaji. Kodi za huko zinalisha paa la huku. Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto, alifanya vivyo hivyo alipofariki mwaka 1943: aliacha ekari zaidi ya 4,000 na mashamba 14 katika nchi ya maziwa, kwa maelekezo kwamba kondoo wa asili wa milima ile waendelee kufugwa humo. Hakuacha mandhari tu ya kupigwa picha. Aliacha na wafugaji wanaoifanya mandhari iwe vile ilivyo.

Mwenye rai pia alizungumza kana kwamba shirika hilo ni la majumba. Mali yake kubwa ni ardhi, takriban hekta 250,000, na mwaka 1965 lilianzisha kampeni ya kuchangisha fedha za kununua pwani kabla haijajaa majengo. Leo linamiliki zaidi ya kilomita 1,200 za ufukwe ambazo mtu yeyote anaweza kuzitembea. Msomaji wa Nungwi au Paje, vijiji vyetu vya ufukweni, anajua kwa nini nimelitaja hili.

Sitaki nionekane mpambe wao. Jumba lao la Clandon Park liliteketea Aprili 2015 pamoja na sehemu kubwa ya vilivyokuwemo, na sheria ya mwaka 1907 haikuuzima moto. Mti maarufu wa aina ya sycamore uliosimama peke yake kwenye bonde kando ya ukuta wa Hadrian, ukuta wa kale wa Warumi, katika ardhi yao, ulikatwa usiku mmoja wa Septemba 2023 na watu wawili wenye msumeno wa mashine. Wamefungwa, na miche 49 iliyooteshwa kutoka kwenye mti huo imegawiwa sehemu mbalimbali, mche mmoja kwa kila futi ya urefu wake. Ugonjwa wa korona ulipofunga milango yao mwaka 2020, walipunguza wafanyakazi takriban 1,300. Fungu la matunzo halimaanishi kwamba hakuna dhiki.

Mwaka huohuo walitoa ripoti iliyotaja majengo na maeneo yao 93 yenye uhusiano na utumwa na ukoloni. Miongoni mwake lipo kasri la Penrhyn huko Wales, lililojengwa na familia iliyotajirika kwa mashamba ya miwa ya Jamaica na jasho la watumwa. Ghasia zikazuka. Wapo wanachama waliosema wanalipia bustani, si kulaumiwa. Wapo waliotishia kujitoa. Msimamizi wa mashirika ya hisani akachunguza na mwaka 2021 akasema shirika halikukiuka sheria. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa nilizifuata habari hizo kwa namna yangu. Kilichonivutia zaidi ya ripoti ni kwamba ugomvi ulifanyika hadharani, katika mkutano mkuu wa mwaka, kwa kura, na wanachama wanaolipa ada zao wenyewe. Waziri hakuitwa kuamua. Shirika la urithi ambalo haliwezi kugombana na wanachama wake bila ya kukimbilia serikalini litashindwa kugombana na mwekezaji.

Sasa nirudi kwetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza ipo tangu mwaka 1985. Mamlaka inatoa vibali na kukataza. Haiwezi kuwa mmiliki wa kila ukuta, na haipaswi kulaumiwa kama ndiye. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash, lilikuwa ndani ya mji ulio katika orodha hiyo ya dunia, lakini tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, ukaua watu wawili waliokuwa kazini kuliokoa. Orodha haishikilii boriti.

Wala si kweli kwamba hatuna mfano wa hapahapa. Kisiwa cha Chumbe kimekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1994, kikiendeshwa na kampuni isiyogawana faida. Wageni wachache wanaolala humo ndio wanaolipia walinzi wa matumbawe na safari za wanafunzi wa skuli zetu. Huko Uganda ipo Cross-Cultural Foundation of Uganda, shirika la kiraia ambalo limezichora na kuziorodhesha nyumba za kale za Kampala kabla hazijabomolewa. Ni mambo madogo ukiyalinganisha na Blickling, lakini si madogo ukiyalinganisha na kilima cha Dinas Oleu.

Kwa hiyo nashauri shirika letu, likiundwa, lianze bila ya kasri. Lianze na nyumba moja ya mtaani yenye fremu chini. Sheria yake iseme wazi kwamba mali iliyotangazwa haiuzwi, haikodishwi kwa miaka 99 kwa jina la uwekezaji, na kwamba tangazo hilo halifutwi kwa saini ya mtu mmoja, awe mwenyekiti au waziri. Sehemu ya kila kodi iende kwenye paa kabla ya kwenda mahali pengine popote, hata kwenye jambo la kheri, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wazee wangu. Liajiri mafundi wa chokaa wenye umri mkubwa na kuwapa vijana wa kuwafundisha, kwa mshahara, kwa sababu ujuzi ule nao ni urithi, na utapotea mapema kuliko kuta. Na liwe na fomu ya kukataa, iliyoandikwa kwa adabu, ambayo halitaona haya kumpa tajiri wala masikini.

Mimi na ndugu zangu wanne tumerithi kwa mama nyumba nyingine, si ya wakfu, hapohapo Mkunazini, na fremu moja ya duka mbele yake. Tumekubaliana kwamba shirika hilo likisimama tutaliandikia kulizawadia nyumba hiyo. Kaka yangu mkubwa anataka tutoe nyumba na tubaki na fremu. Nimemwambia tupeleke barua yake kama alivyoiandika, kisha tusubiri; wakitujibu kwamba hawaipokei mpaka tuwape na fremu, hapo ndipo nitakapoamini kwamba tumepata shirika.

Wako katika kuujali Mji Mkongwe,

Binti wa Mkunazini,
Norfolk, Uingereza